Yeye wa Dirisha la Pili

Soksi zilifika siku tatu kabla ya Krismasi, kama kila mwaka, zimefungwa kwa uzi mwekundu. Sufu ya kijivu, kisigino kimefumwa mara mbili ili kisitoboke, saizi arobaini na tano. Ilikuwa jozi ya kumi na nne. Sarolta alizitoa kwenye bahasha akaziweka mezani, akazitazama kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hakualikwa na ambaye hana kosa lolote. Hajnalka, ndiyo kwanza ametoka zamu ya reli, alivua kiatu, akaingiza mguu kwenye soksi moja na kuivuta. Kisigino kikampanda juu ya kifundo. Yeye huvaa thelathini na saba.

"Huyu mume wako ana miguu ya dubu," akasema.

Mzaha ule ulikuwa umeshachakaa. Walicheka kidogo, kwa mazoea, kisha soksi zikaenda kwenye droo zilikolala jozi nyingine kumi na tatu.

Mfumaji alikuwa Bözsi, mwanamke wa miaka themanini na moja, jirani wa mama yake Sarolta kule Makó. Nyumba zao zinagawana ukuta, na kanisani wanagawana benchi. Chanzo cha soksi hizo kilikuwa neno moja. Kihungaria ni kama Kiswahili chetu, hakina yeye wa kiume na yeye wa kike. Ukisema anakuja, anakuja tu. Mpaka mlango ufunguliwe ndipo watu wajue ni nani. Basi mama yake Sarolta, mcha Mungu ambaye hajasema uongo tangu apate kipaimara, alipoulizwa binti yako anaishi na nani huko Szeged, alijibu kwamba anaye mwenzake, yuko reli, mtu mwema. Siku nyingine akaongeza kuwa mwenzake huyo alibeba friji peke yake hadi ghorofa ya tatu. Kwa maneno hayo machache Bözsi akajiumbia mwanamume mzima, hata na masharubu akampa. Akasema mtu wa kubeba friji mguu wake haupungui arobaini na tano. Mama akanyamaza. Baadaye alimpigia Sarolta simu, akamwambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Sarolta akakubali, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amechoka, na kukubali kulikuwa rahisi kuliko kukataa.

Hajnalka hajawahi kukanyaga Makó.

Kazi ya Sarolta ilikuwa kutazama. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, anafundisha historia ya filamu siku mbili kwa wiki katika chuo kidogo, na siku zilizobaki, kwa miaka kumi sasa, alikaa mbele ya kioo cha televisheni na rundo la kadi. Katika vipindi vya televisheni na filamu za mapenzi za kuchekesha, za kwao na za kigeni zilizotiwa sauti za kwao, alimtafuta kila mwanamume aliyempenda mwanamume na kila mwanamke aliyempenda mwanamke. Kila aliyepatikana alipewa kadi yake: anaitwaje, anafanya kazi gani, anasema maneno mangapi, anaishaje.

Mama yake aliwaambia watu kwamba binti yangu kazi yake ni kutazama sinema, na watu walimwonea wivu. Lakini jaribu wewe kuhudhuria harusi mia nne za wenyewe, na katika kila harusi umtazame tu yule aliyeshika maua pembeni. Katika filamu za mapenzi mtu wa namna ya Sarolta alikuwa rafiki. Alijua kuchagua gauni, alijua kufariji. Siku ya ugomvi alifika na chupa ya mvinyo, na siku ya mapatano hakuonekana tena, wala hakuna aliyekumbuka kumuuliza, na wewe je, unampenda nani. Katika tamthilia alianza kukohoa sehemu ya tatu, na sehemu ya tano tulikuwa makaburini. Sarolta alikuwa na kalamu nyekundu ya kuwaandika waliokufa, nayo ilimwishia wino kabla ya nyingine zote. Jioni Hajnalka alipomuuliza leo vipi, alijibu kama nesi wa wodi: wawili wamekwenda, mmoja yuko mahututi.

Katika kadi zote hizo moja tu ilimpa raha.

Ilikuwa ya filamu ya televisheni ya mwaka sabini na tisa, jina lake Dirisha la Pili. Jolán anauza stempu kwenye dirisha la pili la posta ya mji mdogo. Mji mzima unataka kumwoza. Mwokaji anamletea mkate wenye umbo la moyo, karani wa kiwanda anajitumia barua mwenyewe apate sababu ya kupanga foleni. Jolán anawajibu wote kwa upole uleule: namngoja yeye. Yeye ni nani? Anapika vizuri, anaogopa radi, ndiye aliyenifundisha baiskeli. Dakika sabini nzima, na jina halitajwi hata mara moja. Mwishoni treni inasimama, mlango wa behewa unafunguka, na unatoka mkono tu, ndani ya glavu ya ngozi, unamvuta Jolán ndani. Mkono mwembamba, glavu pana. Filamu imekwisha.

Sarolta aliurudisha ule mkono nyuma na mbele mpaka akaujua kuliko wake mwenyewe. Ulikuwa mkono wa mwanamke, angekula kiapo. Akaandika sura nzima juu yake. Alisema kwamba mwandishi wa filamu ile, katika miaka ambayo jambo hilo halikutamkwa, alilificha ndani ya neno yeye, mbele ya macho ya watu wote. Na kwamba kabla ya marafiki wote wenye mvinyo na wagonjwa wote wenye kikohozi, alikuwapo mmoja aliyepanda treni na kwenda zake akiwa hai. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya tano, na kwa ajili yake mchapishaji alikubali kitabu. Tihamér, mhariri, mwanamume mpole mwenye haraka siku zote, alimwambia waziwazi kwamba bila sura ya tano kitabu ni orodha ya marehemu, na orodha za marehemu watu wanazo za kutosha makanisani. Mswada ulitakiwa Jumatatu ya tatu ya Januari.

Mwandishi wa filamu alishafariki. Mwongozaji naye. Mwigizaji wa Jolán, Mungu amrehemu, alizikwa Budapest zamani. Katika majina yaliyopita mwishoni mwa filamu alibaki mtu mmoja hai, mpiga chapa wa mswada, Ottília, mwenye miaka themanini na minane, anayeishi Szentes. Sarolta alimwandikia tangu vuli, zaidi kwa adabu kuliko kwa haja; alitaka tu mtu aliyekuwapo aseme ndiyo. Jibu likaja baada ya mwaka mpya, kwa herufi zilizonyooka kama za mashine: Njoo Alhamisi. Kwa barua nitachoka, na jambo lenyewe si refu.

Alhamisi hiyo Sarolta aliamka amechoka tayari. Hajnalka alimfungia mkate na soseji kwenye karatasi, akamwambia akipata alichokwenda kukitafuta watakunywa mvinyo wao wenyewe, wasingoje rafiki wa kuwaletea. Akaondoka. Treni ilikuwa ya behewa moja, na hita yake ilichoma miguu ikaacha magoti.

Ottília alifungua mlango kabla kengele haijanyamaza. Sarolta akamsalimu kama wanavyosalimiwa wanawake wazee wa huko, naibusu mikono yako, na bibi akaipokea salamu kama haki yake. Alikuwa ameandaa kahawa na sahani ya vimkate vya chumvi na jibini. Sarolta akatoa daftari.

"Binti yangu, utakula au utaandika?"

"Nitaandika, bibi."

"Kula kwanza. Ukishaandika hutataka kula."

Akala kimoja, kwa utii. Ndipo Ottília akaanza, bila kuzunguka.

"Alikuwa Gábor," alisema. "Yule yeye wako. Alikuwa fundi wa redio, anaitwa Gábor, na nilimpiga chapa mara sitini na moja."

Kalamu ya Sarolta ilibaki hewani. Bibi alieleza taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake bandeji. Mwigizaji wa Gábor alikwisha kupatikana, kijana mzuri, ana sauti. Siku mbili kabla ya kupiga picha aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la nyama, mguu ukavunjika mahali pawili. Kamera ilikuwa ya kurudishwa Jumamosi. Mwongozaji akasema Gábor afe. Mwandishi akakataa katakata, akisema hii ni filamu ya kuchekesha, hafi mtu humu. Basi wakakubaliana asionekane. Lakini mtu mwenye jina, akasema mwandishi, watazamaji watadai kumwona. Asiye na jina watavumilia. Ottília akapewa mswada na chupa ya rangi nyeupe ya kufutia. Akakaa siku nzima na usiku wake, akimfuta Gábor na kumweka yeye.

"Kwa lugha yetu ilikuwa kazi nyepesi," akasema. "Neno la herufi moja tu. Pengo lilibaki kubwa, nikawa napiga nafasi."

Sarolta alikumbuka kwamba aliandika kurasa mbili juu ya jinsi Jolán anavyonyamaza kidogo kila anapotamka yeye. Kwenye mswada wa mwigizaji palikuwa na pengo. Mwigizaji alilisoma pengo.

"Na mkono, bibi?" aliuliza. "Mkono wa mwishoni ni wa mwanamke. Nimeutazama miaka kumi."

Ottília akauweka mkono wake wa kulia juu ya kitambaa cha meza, mwembamba, mishipa imesimama, pete imelegea.

"Ni huu. Wanaume wote walikuwa wameshika taa. Glavu ilikuwa ya dereva, inanuka petroli hata leo nikiikumbuka." Akauangalia mkono kwa muda. "Uliona vizuri. Hakuna mwingine aliyewahi kuona."

Sarolta akauliza swali lililobaki: je, wakati ule, watazamaji, hakuna hata mmoja aliyedhani kwamba Jolán anamngoja mwanamke? Ottília alifikiri sana. Barua zilikuja gunia zima, alisema, na kuzijibu ilikuwa kazi yake. Mjane mmoja aliandika kwamba yule ni marehemu mume wake, alijua kwa ile habari ya radi. Mama mmoja wa Nyírség aliishukuru televisheni kwa kuthubutu kumwonyesha Kristo, maana nani mwingine anangojwa kwa subira namna ile. Hapo bibi hakucheka, wala Sarolta hakucheka. Kisha walikuwapo wanawake wawili wa shamba la ushirika, hakumbuki wapi. Walitia sahihi wote wawili kwenye barua moja. Hawakusema jambo lolote. Waliuliza tu filamu itarudiwa lini, kwa sababu nyumba ya utamaduni ya kijijini kwao ina televisheni moja, na wanataka kuwahi wapate viti vya pamoja.

"Walisema hivyo tu?"

"Hivyo tu. Niliwajibu: Agosti."

"Na barua ziko wapi, bibi?"

"Tuliwashia jiko la ofisi. Tulikuwa tunaona baridi, binti yangu."

Sarolta akafunga daftari. Mlangoni, huku akimvalisha skafu kama anamvalisha mtoto, Ottília alimuuliza kama amemharibia. Sarolta akajibu kwamba hapana, amemsaidia sana.

"Unasema uongo kwa adabu," bibi akasema. "Mama yako amekulea vizuri."

Kwenye stesheni Sarolta alimpigia Tihamér simu, akamweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu benchi lilikuwa na theluji na hakuwa na nguvu ya kuipangusa. Haraka yote ya mhariri ilikoma. Kisha ikarudi.

"Ngoja," alisema. "Mkono ni wa mwanamke au si wa mwanamke?"

"Ni wa mwanamke."

"Jina la Gábor limo ndani ya filamu?"

"Halimo."

"Basi andika hivyo, Sarolta mpenzi. Mkono ni wa mwanamke, na jina halimo. Weka nukta. Hujasema uongo hata neno moja."

Sarolta alijua sentensi ile. Aliijua kabla hajamfahamu Tihamér. Alimwambia atamjibu, akaweka simu mfukoni.

Angeweza. Hilo ndilo lililomchosha zaidi ya yote, kwamba angeweza. Bibi wa miaka themanini na minane hasomi vitabu vya sinema. Kitabu kingetoka, kina mlango wa behewa unaofunguka, na mahali fulani msichana wa miaka kumi na miwili, kama alivyokuwa yeye zamani akitafuta mtu wa kumwangalia kwenye televisheni ya Jumapili, angemkuta Jolán na kufurahi. Angefurahia chupa ya rangi nyeupe. Sarolta aliwaza juu ya mkono wa Ottília pale mezani. Akawaza pia juu ya droo nyumbani kwake, iliyojaa soksi za mtu asiyekuwapo, zilizofumwa na mwanamke ambaye hakuna mtu aliyemdanganya.

Treni ya Hódmezővásárhely ikaja. Alipofika huko hakungoja ya Szeged. Akavuka upande wa pili, akapanda ya Makó.

Mama yake alikuwa jikoni anamenya vitunguu, na Bözsi amekaa karibu na jiko anafuma, maana yeye huanza jozi ya Krismasi ijayo mara tu sherehe za ile iliyopita zinapokwisha. Wote wawili walishangaa kumwona katikati ya wiki. Mama akamtazama usoni, akaweka kisu chini, asiulize. Bözsi ndiye aliyeuliza.

"Na yeye hajambo? Soksi zimemkaa?"

Mama akaokota kisu tena, akakishika kitunguu ambacho kilikuwa kimekwisha menywa.

"Ni kubwa, shangazi," Sarolta akasema.

"Kubwa? Kwa mtu wa kubeba friji?"

"Anavaa thelathini na saba. Anaitwa Hajnalka."

Huko Hungaria jina hilo hapewi mwanamume. Sindano zikasimama. Jiko likarusha cheche. Bözsi alimtazama Sarolta, kisha mama yake, kisha ile soksi iliyofika nusu, na midomo yake ikawa inahesabu. Sarolta alingoja Biblia, au mlango ubamizwe.

"Kumi na nne," Bözsi akasema. "Jozi kumi na nne, za sufu ya kondoo." Akamgeukia mama. "Na wewe unakaa na mimi benchi moja."

"Sijakudanganya, Bözsi. Mungu ni shahidi. Hata siku moja."

"La, hukunidanganya," akasema Bözsi. "Uliniacha nifume tu."

Mama yake Sarolta akainama. Alilia kidogo, na kwa kuwa vitunguu vilikuwapo hakuna aliyelazimika kusema jambo. Bözsi hakumbembeleza. Alichomoa sindano moja baada ya nyingine, akauvuta uzi, na soksi ya arobaini na tano ikaanza kurudi nyuma, safu kwa safu.

"Nyoosha mikono," alimwamuru mama, na mama akanyoosha, na uzi ukazungushwa juu ya mikono yake iliyolowa. "Hilo jambo lenyewe nitaongea na Mungu wangu, si na ninyi. Nimezeeka, nitahitaji muda, na huenda tusielewane." Alivuta tena. "Kisigino chake ni kipana au chembamba?"

Sarolta akafungua mdomo, akaona kwamba hajui. Miaka kumi na minne. Anajua maneno mangapi anasema kila rafiki wa kila bibi harusi, na hili halijui. Akampigia Hajnalka simu kazini, akamuuliza. Kule upande wa pili ilisikika kengele ya treni kupita.

"Nani anauliza?" Hajnalka akasema.

"Bözsi."

Behewa la mwisho lilipita lote kabla hajajibu. "Chembamba," alisema.

Jumapili Sarolta aliandika sura ya tano upya. Ikatoka kurasa tatu. Ina Gábor fundi wa redio na mguu uliovunjika, ina chupa ya rangi nyeupe, ina mkono wa mpiga chapa ndani ya glavu ya dereva. Mwishoni ina wanawake wawili wasio na majina walioomba viti vya pamoja, na maelezo kwamba barua yao haipo, kwamba tunayo kwa kinywa cha bibi mmoja tu, na kwamba msomaji aipime mwenyewe. Jumatatu akaituma. Tihamér alijibu baada ya wiki tatu, kwa upole na bila haraka, jambo lililomwonyesha Sarolta jibu kabla hajalisoma. Shirika la uchapishaji lilisikitika, lisingekitoa kitabu. Kitabu kilikuwa cha kweli, lakini hakikuwa na ule mlango wa behewa.

Alikaa na ile barua mkononi hadi kahawa ikapoa. Hakulia, hakuwa na nguvu hizo. Alitafuta mahali pa kuiweka ambapo hataiona kila siku, akafungua droo ya soksi. Ilikuwa tupu. Jumamosi iliyopita Hajnalka alizipakia zote kwenye begi, akapanda treni mwenyewe kuzipeleka Makó zikafumuliwe. Alirudi na mkoba wa vitunguu na neno moja kutoka kwa Bözsi, kwamba sufu ya jozi kumi na nne inatosha hata sweta, Hajnalka aseme tu anataka mstari wa rangi gani kifuani.

Sarolta akaiweka barua mle ndani, akasukuma droo. Kisha akarudi mezani, akachukua kadi mpya, akawasha kioo.